Kumlinda mgonjwa na kuilinda leseni yako: mwongozo wa zamu moja kwa muuguzi wa wodini

Muuguzi anayeanza kazi huiogopa mahakama kuliko anavyoiogopa ampuli ya dawa. Ingefaa iwe kinyume chake. Madhara mengi ya wodini huanzia kwenye jina ambalo halikuulizwa, nukta iliyokosewa kwenye hesabu ya dawa, au presha iliyopimwa ikaandikwa bila yeyote kuambiwa. Sheria huja baadaye na swali lake: je, ulifanya kile ambacho muuguzi makini mwenye elimu kama yako angekifanya mahali pale? Ukimhudumia mgonjwa kwa uangalifu na ukaandika ulichofanya, jibu lako liko tayari kabla hujaulizwa. Mwongozo huu unafuata zamu moja, tangu kabla hujaingia wodini hadi pale jambo linapoharibika. Umeegemea sheria za Tanzania Bara, na Kenya na Zanzibar zimeguswa pale inapobidi.

1. Kabla ya zamu: leseni, mipaka, na wanaoweza kukuuliza

Tanzania Bara, kazi yetu inaongozwa na Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 kupitia Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Zanzibar ina baraza lake. Kenya ina Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura ya 257, na baraza lake pia. Kusajiliwa ni jina lako kuingia kwenye daftari; leseni ndiyo ruhusa ya kufanya kazi, nayo huisha muda na kuhuishwa. Angalia tarehe ya leseni yako leo, usingoje ukaguzi. Tatizo likitokea leseni ikiwa imeisha, utakuwa na kosa la pili juu ya la kwanza, hata kama huduma uliyotoa ilikuwa safi.

Jambo moja linaweza kukufikisha sehemu zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Baraza huangalia maadili na uwezo wako kitaaluma, na linaweza kukusimamisha au kukufuta. Mwajiri ana utaratibu wake wa nidhamu. Mahakama ya madai huangalia mambo manne: ulikuwa na wajibu kwa mgonjwa huyo, uliukiuka, aliumia, na kuumia huko kulitokana na ukiukaji wako. Halafu ipo jinai. Kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu kinamgusa mtu anayetoa matibabu au dawa kwa uzembe unaohatarisha maisha. Hospitali inaweza kulipa fidia kwa kosa ulilolifanya ukiwa kazini, lakini haiwezi kusimama mbele ya Baraza kwa niaba yako.

Kuhusu mipaka ya kazi, ukiagizwa jambo ambalo hujafundishwa, sema kwa adabu na bila kuzungukazunguka: "Dokta, hili sijafundishwa kulifanya peke yangu. Nitakusaidia ukilifanya wewe, au nimwite anayelijua." Kisha usimwache mgonjwa. Kukataa jambo usiloliweza ni haki yako, ila kuondoka kitandani ukamwacha mgonjwa bila mtu ni kosa jingine kabisa.

2. Pokea zamu kando ya kitanda

Kukabidhiana mezani, daftari mkononi na kila mtu anawahi daladala, ndiko kunakopoteza habari. Tembeeni kitanda kwa kitanda, anayetoka na anayeingia. Kwa kila mgonjwa, pata mambo haya: ana tatizo gani, nini kimebadilika, dawa ipi imetolewa na ipi bado, nini kinasubiriwa. Tazama kwa macho yako dripu, kanula, kidonda, mfuko wa mkojo. Ukikuta chati inasema dawa ya saa 12 jioni imetolewa na ampuli ipo mezani haijavunjwa, uliza hapohapo kabla mwenzako hajatoka getini.

Ukibaki peke yako na wodi nzima, mjulishe muuguzi mfawidhi au msimamizi wa zamu kwa maandishi wakati uleule. Ujumbe wa simu unatosha: muda, idadi ya wagonjwa, walio mahututi ni wangapi, umeomba nini. Uhaba wa watumishi haufuti wajibu wako, lakini ujumbe ule unaonyesha kwamba hatari uliiona, ukaisema kabla haijatokea.

3. Uliza jina kila mara, hata kama unamfahamu

Mwaka 2018 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, mgonjwa alifunguliwa fuvu la kichwa wakati aliyehitaji upasuaji ule alikuwa mtu mwingine. Mmoja alikuwa na damu iliyoganda kwenye ubongo, mwingine alikuwa na uvimbe usiohitaji kisu. Lebo za utambulisho zilichanganywa, na madaktari walikuwa wameshafungua kichwa walipogundua kwamba damu iliyoganda haipo. Wauguzi walikuwa miongoni mwa waliosimamishwa kazi.

Kila mtu katika mnyororo ule alimwamini aliyetangulia. Ndiyo maana usimwulize mgonjwa, "Wewe ndiye mama Asha?" Mgonjwa mwenye maumivu, au mwenye heshima nyingi kwa watu wa hospitali, ataitikia tu. Mwambie: "Mama, naomba unitajie majina yako yote matatu na umri wako," kisha linganisha na faili na tepe ya mkononi. Namba ya kitanda si utambulisho, maana wagonjwa huhamishwa, na wodi zetu huwalaza wawili kitanda kimoja. Kwa asiyeweza kusema, mwulize ndugu, na uandike ni nani aliyethibitisha.

Kwenye damu muwe wawili, tena kando ya kitanda na si kwenye kaunta: jina, namba ya faili, kundi la damu, namba ya chupa, tarehe ya kuisha. Anza polepole na ukae na mgonjwa dakika 15 za kwanza. Akitetemeka, akiumwa kiuno au kifua, akipata homa au vipele, funga damu, badilisha mpira, endelea na maji ya chumvi, mwite daktari, na urudishe chupa ileile maabara.

Kwa upasuaji, orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani isomwe kwa sauti, isijazwe mwishoni kama karani anavyojaza fomu. Ilizinduliwa mwaka 2008 na ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa hapa kwetu Ifakara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Yote hayo yaliletwa na karatasi moja na watu waliokubali kusimama kidogo.

4. Ridhaa: hakikisha ameelewa, ndipo asaini

Kumweleza mgonjwa kuhusu upasuaji ni kazi ya anayempasua. Kazi yako ni kuhakikisha ameelewa kabla hujasaini kama shahidi. Mwombe akueleze kwa maneno yake: "Baba, daktari amekwambia watakufanyia nini?" Akisema hajui, kalamu iwekwe chini, daktari aitwe arudi.

Mtu mzima mwenye akili timamu anajiridhia mwenyewe. Bado ziko wodi zinazomsubirisha mama mtu mzima mpaka mume afike kusaini, hata mtoto akiwa anachoka tumboni. Mume ni wa kushirikishwa mama akitaka, lakini mwili ni wa mama na ridhaa ni yake. Kwa mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18 kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya 2009, mzazi au mlezi ndiye huridhia. Maisha yakiwa hatarini na hakuna wa kuuliza, okoa kwanza, kisha andika kwa nini hapakuwa na muda. Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya inasema waziwazi kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Hapa kwetu pia, majeruhi anayevuja damu ahudumiwe, PF3, yaani fomu ya polisi, ifuate.

Mgonjwa akikataa matibabu, usimtishe. Mweleze hatari kwa lugha anayoielewa, mwite daktari, andika alichoelezwa na alichojibu.

5. Dawa: tulia hapa

Haki zenyewe tulifundishwa sote: mgonjwa, dawa, kipimo, njia, muda na kumbukumbu. Kinachotushinda ni kuzifuata saa kumi alfajiri na ndugu watatu wanakuita. Kwa hiyo jiwekee utaratibu usioyumba. Soma lebo unapoichukua ampuli, isome tena unapoivuta, isome mara ya tatu kabla ya kuitupa. Dawa uliyoivuta mwenyewe itoe mwenyewe. Bomba lisilo na lebo usilitumie, hata aliyekukabidhi akiwa bingwa.

Hesabu ifanyike kwenye karatasi. Chukua mfano huu: mtoto mchanga ana kilo 3, daktari ameandika gentamisini miligramu 5 kwa kilo. Ni miligramu 15. Ampuli ya kawaida ina miligramu 80 ndani ya mililita 2, yaani 40 kwa kila mililita. Gawanya 15 kwa 40, unapata mililita 0.375, ambayo utaivuta kwa bomba la mililita moja. Nukta ikihama unapata 3.75, karibu ampuli mbili nzima. Hapo mkono wenyewe ukushtue: mtoto mchanga akionekana kuhitaji zaidi ya ampuli moja, simama, mwite mwenzako arudie hesabu bila kuona jibu lako.

Zipo dawa ambazo kosa moja halirekebishiki. Kloridi ya potasiamu haisukumwi mshipani kamwe bila kuchanganywa, kwa sababu husimamisha moyo. Ampuli ya mililita 10 yenye nguvu ya asilimia 15 ina milimoli 20, nayo haipaswi kukaa droo moja na maji ya kuchanganyia dawa. Ukiikuta huko, itoe leo. Insulini ipimwe kwa bomba la insulini peke yake. Seftriaksoni isichanganywe na maji ya dripu ya Ringa Lakteti, maana kalsiamu iliyomo hugandisha dawa, na kwa mtoto mchanga hilo ni hatari kubwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu, iliyokuwa ikidungwa kwenye uti wa mgongo kwa kudhaniwa ni dawa ya ganzi kwa sababu ampuli zinafanana. Chumba cha upasuaji kiwe na mahali tofauti pa kila moja.

Kwa mama mwenye kifafa cha mimba aliye kwenye magnesiamu, kabla ya kila dozi inayofuata angalia mambo matatu: anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linaruka ukiligonga, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa katika saa nne zilizopita. Moja likikosekana, dozi isitolewe mpaka daktari amwone. Kalsiamu glukoneti, dawa ya kuzima sumu ya magnesiamu, iwe pale pale kitandani tangu mwanzo, isiwe kwenye kabati ambalo funguo zake anazo mtu aliyeenda nyumbani.

Maagizo ya mdomo au ya simu yapokelewe kwa dharura tu. Yaandike yanapotamkwa, yasome kwa sauti uliyempigia ayasikie, na umfuate asaini. Mwandiko usiosomeka haukisiwi. Ukiona agizo si la kawaida, uliza. Daktari akisisitiza nawe bado una shaka ya kweli, usitoe. Mpandie aliye juu yake na uandike. "Daktari aliniambia" haitakusaidia ikiwa muuguzi yeyote makini angeona kwamba dozi ile inaua.

6. Mgonjwa akibadilika, piga simu, na uendelee kupiga

Kupima na kuandika bila kumwambia mtu hakumsaidii mgonjwa. Simu iwe fupi na iishie na ombi:

"Dokta, habari za usiku. Ni muuguzi wa zamu, wodi ya wazazi. Nakupigia kuhusu mama wa kitanda cha sita, mimba ya wiki 36. Presha sasa ni 168 kwa 112, saa mbili zilizopita ilikuwa 140 kwa 90. Kichwa kinamuuma sana na macho yanaona ukungu. Naona anaelekea kifafa cha mimba. Naomba uje sasa hivi. Nianze kuandaa magnesiamu?"

Hapo umesema wewe ni nani, mgonjwa ni nani, nini kimebadilika, unafikiri nini, unataka nini. Usiseme tu "mgonjwa hayuko vizuri", maana aliyelala usingizini ataitafsiri apendavyo. Asipofika, piga tena. Asipopokea, mpigie daktari mwingine, kisha mganga mfawidhi. Wauguzi wengi huona aibu kumruka mkubwa. Mila ya kuheshimu wakubwa ni nzuri, ila haimzuii mtu kumwamsha mwingine nyumba inapoungua.

7. Andika kana kwamba utasoma mbele ya watu miaka mingi baadaye

Hilo halisemwi kwa kukutisha. Kwa sheria yetu ya ukomo wa madai, kesi ya uzembe inaweza kufunguliwa ndani ya miaka 3. Aliyeumia akiwa mtoto, muda wake huanza kuhesabiwa anapofikia utu uzima. Maana yake patogramu, ile chati ya uchungu wa uzazi, uliyoijaza usiku wa leo inaweza kuulizwa na mtoto yule akiwa na miaka 20. Wewe hutakumbuka kitu. Karatasi ndiyo itakayokumbuka.

Tumia saa za kijeshi, za 00:00 hadi 23:59. "Saa 8" kwetu inaweza kuwa usiku au mchana, na anayesoma kwa Kiingereza ataiona kuwa 08:00, yaani saa 2 yetu. Andika ulichoona, ulichosikia, ulichofanya na mgonjwa alivyoitikia. Kwa mama yule wa kitanda cha sita, iwe hivi:

"02:10 Analalamika kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu. Presha 168/112, mapigo 96, kupumua 20. 02:14 Daktari wa zamu amepigiwa, amesema anakuja. 02:25 Hajafika, amepigiwa tena. Msimamizi wa zamu amejulishwa. 02:32 Daktari amefika." Kisha jina, cheo, sahihi.

Linganisha na "Hali ya mgonjwa ni ya wastani, anaendelea vizuri," sentensi iliyojaa kwenye mafaili yetu na isiyosema lolote. Usimlaumu mwenzako kwenye faili. Usiandike kabla hujafanya. Vipimo vya saa kumi vilivyojazwa saa nane kwa mkono mmoja na kalamu moja hujulikana, na wakili akishakuonyesha hilo moja, hata ya kweli hayataaminika. Ukikosea, piga mstari mmoja, neno la kwanza libaki linasomeka, weka sahihi na muda. Wino mweupe na kuchana ukurasa vinageuza kosa la kibinadamu kuwa udanganyifu. Ukikumbuka jambo baadaye, liandike kwa saa unayoliandika, ukieleza kwamba ni nyongeza na lilitokea lini. Kwenye mfumo wa kompyuta, nywila yako usimwazime hata rafiki, kwa kuwa kila kitakachoandikwa kitakuwa kimeandikwa na wewe.

8. Siri

Simu ndiyo imekuwa tatizo. Picha ya kidonda kwenye kundi la WhatsApp, hata bila jina, inaweza kumtambulisha mtu kwa kovu, kitenge au kitanda. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na ya Kenya ya 2019 zinazitambua taarifa za afya kuwa nyeti, na Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2008 inalinda majibu ya kipimo. Shemeji wa mgonjwa akiuliza, mwambie, "Ndugu yangu, hilo mwulize mwenyewe, nami nitakuwepo akitaka nimsaidie kueleza."

9. Jambo likiharibika

Mgonjwa kwanza. Simamisha dawa, angalia njia ya hewa, upumuaji na mapigo, ita msaada. Mwambie daktari ukweli wote tangu sekunde ya kwanza, maana tiba inategemea ajue ni dawa gani iliingia, kiasi gani na saa ngapi. Anayeficha dakika kumi kwa hofu huenda akawa amezichukua dakika ambazo mgonjwa angeokolewa.

Kisha hifadhi ushahidi: ampuli, bomba, chupa ya dripu, lebo. Zisiende kwenye takataka. Andika kwenye faili kilichotokea na kilichofanyika, bila kujitetea na bila kumtaja wa kulaumiwa. Jaza taarifa ya tukio ya kituo chako kando, iende kwa muuguzi mfawidhi.

Mgonjwa au ndugu waambiwe mapema, daktari na muuguzi wakiwa pamoja, mahali pa faragha, wakiwa wamekaa. Elezeni kilichotokea kadiri kinavyojulikana wakati huo, semeni poleni, semeni kinachofanyika sasa. Msiahidi fidia wala kubuni sababu. Familia iliyoambiwa ukweli bado inaweza kushitaki, na ni haki yake, lakini iliyodanganywa hujua, kwa sababu mtaani kwao pia kuna muuguzi.

Usiku huohuo au kesho yake andika maelezo yako binafsi ungali unakumbuka: zamu ilikuwa na watumishi wangapi, nani alikuwepo, ulifanya nini kwa mfuatano. Usilijadili tukio kwenye makundi ya simu.

Ikija barua ya mwajiri au ya Baraza, soma tuhuma moja moja na tarehe ya mwisho ya kujibu. Ibara ya 13 ya Katiba ya Tanzania inakupa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa. Omba kwa maandishi kuona faili kabla ya kujibu. Zungumza na chama chako, iwe TANNA (chama cha wauguzi) au TUGHE (chama cha wafanyakazi wa serikali na afya), au na wakili, na fanya hivyo kabla ya kusaini chochote, hasa ukiwa umeitwa ghafla ofisini ukaambiwa "andika tu hapa yaishe." Jibu kila tuhuma kwa ukweli na kwa kurejea saa zilizo kwenye faili. Peleka mwenyewe, nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi, na uiweke nyumbani. Faili la mgonjwa, hata ukurasa wake mmoja, libaki hospitali.